Kimo cha Meza

Afisa ugavi ametuletea kitabu cha picha,
meza za kila namna zinang'aa kama meno ya tangazo.
"Chagueni kabla mwaka wa fedha haujafungwa," akasema.
"Meza ni meza."

Tulikuwa tumeuinamia mlango.
Mlango wa wodi ya zamani, umelazwa juu ya matofali,
kitasa bado kipo, kinatudunga nyonga
kila tukiugeuza mtambo wa oksijeni.
Miaka kumi na moja tunatengeneza pumzi za watu
juu ya mlango usiofunguka.

Sakafu nayo imeinama kuelekea mfereji.
Skrubu ikidondoka haisimami,
inajiendea zake chini ya friji bovu la chanjo,
na mashine ya joto ya watoto njiti inaisubiri,
skrubu moja, milimita tatu,
simu ya wodini inaita,
inaita,
Nsajigwa yuko kifudifudi, tochi mdomoni.

Nikafungua kitabu.
Ukurasa wa kumi na nne: meza ya kupanda na kushuka
kwa mkono wa kuzungusha.
Nikamwita Nsajigwa, ambaye taa zote zinakijua kichwa chake,
nikamwita Sikudhani, anayepanda kreti ya soda
ndipo aione bodi ya saketi.
Nikawapima kwa tepu, sakafu hadi kiwiko.
Tofauti, sentimita ishirini na tisa.
Nikaandika kwa kalamu nyekundu,
maana sijaona ankara iliyouliza
mgongo wa fundi unaumia wapi.

Mpira wa kuzuia umeme tuli, ndiyo,
ingawa huku Dar umeme huo ni mgeni wa kupita,
jasho letu humtoa mapema.
Rangi ya kuokwa, si ya kupaka kwa brashi:
hewa ya hapa ina chumvi,
inakula chuma kimyakimya, kama riba.
Magurudumu yawe na breki.
Jiliwa upande wa kulia, na mwingine kushoto,
Sikudhani ni wa mashoto.

Droo kumi na mbili? Hapana, sita.
Droo nyingi ni maficho.
Najua ninachosema: nimewahi kulificha koleo zuri
chini ya matambara,
nikamtazama mwenzangu akilitafuta tangu asubuhi
hadi adhana ya alasiri,
nikamwambia pole.

Badala yake nataka ubao wa vivuli,
kila bisibisi na umbo lake limechorwa ukutani,
kila spana na kaburi lake wazi,
ili jioni tukifunga
ukuta wenyewe uulize nani hajarudi,
nani amesahauliwa tumboni mwa mashine
inayopelekwa chumba cha upasuaji.

Bei ikatunyamazisha.
Afisa ugavi akafunga kitabu polepole,
kama mtu anayefunika maiti.

Basi Jumamosi nikaenda Keko,
kwa Likwata, fundi wa vitanda vya maharusi.
Kitabu alikigeuza juu chini, akanusa gundi yake,
akanirudishia.
"Hapa atasimama nani?" akauliza.
Nikakaa juu ya rundo la mbao za mninga
nikamweleza watu wawili,
viwiko vyao,
kreti ya soda.
Miguu ya chuma tukaichomesha Gerezani,
yenye matundu na pini, unainua kwa mikono miwili
na tusi dogo.

Haing'ai. Droo ya tatu inakwama mvua ikinyesha.
Lakini skrubu inakaa ulipoiweka.

Jioni ya kwanza tukarudisha vifaa ubaoni,
kimoja kimoja, kila kimoja kwenye kivuli chake.
Vyote vikaenea ila kimoja:
umbo la koleo, jeusi, limeachama.

Nsajigwa alitazama chini ya friji.
Sikudhani alinitazama mimi, hakusema kitu.
Nikaenda kwenye matambara.